Masale au bogenvilia kwa uzio wa nyumba, Usa River?

Mama Kiwanja
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na mimea ya uzio.

Tumehamia Usa River. Kiwanja kimepimwa, mbele kuna seng'enge, ila pembeni na nyuma kuko wazi na mbuzi wa majirani wanajipitia tu. Mzee wangu ni mtu wa Kibosho, kwake uzio bila masale, ile mimea ya majani marefu ya mpakani kule Uchagani, si uzio. Alileta pingili kutoka kwao tukapanda upande wa nyuma. Zimeshika vizuri, lakini majani yanakauka kuanzia nchani. Ncha inakuwa kahawia, ukavu unateremka ukingoni, na kati ya pakavu na pabichi kuna kamstari ka njano. Katikati ya jani kijani safi kabisa. Namwagilia maji ya kisima kila jioni, kwa hiyo si kiu.

Mimi roho yangu iko kwenye bogenvilia, hasa ile ya rangi ya chungwa. Mzee anasema huo ni urembo wa hotelini. Ipi inatunzika kirahisi, na ipi inafaa kwa uzio? Tuna mtoto anaanza kutambaa na mbwa wawili.

Kijana wa Himo
Bogenvilia, bila kujiuliza. Mbuzi atatafuna majani ya chini ikiwa changa, ikishakomaa miiba ile hapiti mtu wala mnyama. Masale mbuzi anapenya katikati kama mgeni aliyekaribishwa.

Mpita Njia
Pandeni michongoma mmalize ugomvi.

Mtu wa Kitalu
Dada, acha uzio kwanza, tuanze na maji yako. Dalili ulizoeleza ni za floridi, madini yanayoyeyuka kwenye maji. Ukanda huu wa Mlima Meru miamba yake ni ya volkano, na visima vingi vina floridi nyingi. Ndiyo hiyo hiyo inayowafanya watu waliokulia huku wawe na meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita kwenye maji ya kunywa, na kuna visima huku vinavyopita hapo kwa mbali. Hapo Ngurdoto jirani yenu kuna kituo kinachofanya utafiti wa kuiondoa kwa mkaa wa mifupa, ujue si jambo dogo.

Sasa masale ni katika mimea inayodhurika upesi sana na floridi. Floridi inapanda na maji kutoka mizizini mpaka mwisho wa jani. Maji yanapotea hewani, yenyewe inabaki pale pale nchani, inarundikana, inaunguza. Ndiyo maana katikati kuko salama. Ukiongeza kumwagilia unaongeza dozi. Na kuchemsha hakuiondoi, hata kwa maji ya kunywa, hilo wengi hawalijui.

Fanya hivi: weka tanki, kinga maji ya paa wakati wa masika na vuli, masale yanywe hayo. Usiweke mbolea ya chumvichumvi ya fosfeti, nayo huwa na floridi. Tumia samadi iliyooza. Chokaa ya kilimo kidogo kwenye udongo inapunguza kiasi ambacho mmea unafyonza. Majani yaliyoungua hayarudi kijani, angalia yale mapya yanayochipua juu.

Meku wa Umbwe
Mtu wa Kitalu ameongea. Mimi naongezea upande wa nyumbani. Masale kwetu yanakaa kihambani, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, chini ya migomba, kwenye kivuli na udongo wenye unyevu. Mama, kama hayo yako yako kwenye jua la saa nane bila mti wa kuyafunika, hata maji ya mvua hayatatosha. Pandeni miti ya kivuli nyuma huko, au yahamishieni upande wa mashariki wa nyumba, jua la asubuhi halina shida.

Na mangi wako, huyo mzee, msimcheke. Sale ndilo mpaka wa kihamba, ukiling'oa umeanzisha kesi ya ukoo mzima. Ukimkosea mtu, ukamwendea na sale, ni vigumu sana akukatalie msamaha. Linapandwa hata makaburini. Mtu aliyelelewa hivyo ukimwambia apande maua ya rangi ya chungwa peke yake, anaona kiwanja hakina mwenyewe. Ila kwa mbuzi, hapo Kijana wa Himo yuko sahihi. Sale linasema mpaka ni huu, halimzuii asiyejua kusoma.

Afisa Ramani
Kiwanja kimepimwa? Basi mpaka ni bikoni, zile alama za wapima ardhi kwenye kona. Pandeni mnachotaka lakini pandeni ndani, na msifunike bikoni. Nimeona watu wanagombana kwa sababu bogenvilia imelala upande wa jirani mita mbili nzima.

Mama Kiwanja
Asanteni sana. Kisima chetu hatujawahi kukipima, wiki hii napeleka sampuli. Meku, ni kweli kule nyuma ni jua tupu. Na mbwa je?

Mtu wa Kitalu
Mbwa akitafuna masale anaweza kutapika na kudondosha mate, majani yana sumu kwa mbwa na paka. Wengi hawayagusi, ila kama una mtoto wa mbwa anayetafuna viatu, muangalie. Bogenvilia hatari yake ni miiba, na hapo mbwa si tatizo, tatizo ni huyo anayetambaa. Iwe mpakani tu, mbali na kibaraza, na matawi uliyopogolea uyaokote yote, mwiba mkavu ndio mbaya zaidi.

Matunzo yake ni kinyume kabisa cha masale. Inataka jua kutwa nzima. Ikishashika, mwagilia kwa nadra lakini maji yazame, halafu uache udongo ukauke. Watu wanaimwagilia kila siku na kuijaza samadi, kisha wanalalamika ni majani matupu. Ile rangi yenyewe si ua, ni majani yaliyogeuka rangi, ua ni kile kidude cheupe katikati. Inachanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila rangi ikipukutika, pogolea. Na uitengenezee waya wa kuegemea, bila hivyo inaanguka hovyo.

Mama Kiwanja
Basi bogenvilia nyuma na pembeni, masale yahamie mashariki, yale ya mzee nitayawekea tanki. Nimemsomea, amenyamaza, kwake huko ndiko kukubali. Jirani ana bogenvilia ya chungwa, naweza kuomba matawi au ninunue miche?

Mtu wa Kitalu
Omba. Chukua tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa shibiri, toa majani ya chini, choma kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki cha miche, chenye mchanga na mboji, weka kivulini. Chukua mengi, mengine yatakufa. Siku ya kupanda chana kiriba taratibu, udongo usibomoke, mizizi yake inakatika upesi. Subiri mvua za vuli zianze.

Mpita Njia
Michongoma mmeikataa hivi hivi?