MREJESHO: Tomcat sasa naiona yote kwenye skrini

Assalamu alaykum wapendwa. Niliuliza namna ya kuiwasha Tomcat (programu ya seva inayoendesha tovuti za Java) huku nikiona inachokiandika, maana startup.sh, skripti yake ya kuiwasha kwa nyuma, ilikuwa ikiniambia imewaka na kurasa hazifunguki. Ahsanteni sana nyote mliojibu.

Kilichofanya kazi ni amri ya catalina.sh run. Haijifichi nyuma, inabaki pale pale kwenye skrini mpaka ubonyeze Ctrl+C. Sababu ikaonekana papo hapo: poti ya 8080 (namba ya mlango wa mtandao inaopokelea maombi) imeshashikwa na programu nyingine. Nimebadilisha namba ndani ya server.xml, faili la mipangilio yake, imewaka. Ushauri wa tail -f logs/catalina.out (kufuatilia faili la kumbukumbu linavyoandikwa) nao ni mzuri, lakini kwa anayetumia startup.sh. Ukitumia run, faili hilo haliandikwi.

Nohup, amri ya kuzuia programu isizimike ukikatika, haikunifaa. Seva iko Unguja, mimi niko Wete naingia kwa mbali kupitia SSH, na intaneti ikikatika Tomcat ilikuwa inazimika nayo. Kwa nohup haizimiki, ila maandishi yote yanahamia kwenye faili. Aliyenitajia tmux (inaweka skrini yako hai ndani ya seva hata ukikatika), Mungu akulipe kheri: nikirudi naikuta inaendelea kuandika.

Bado umeme ukikatika ukarudi, naiwasha kwa mkono. Hapo nitahamia systemd (inayowasha programu yenyewe seva inapowaka), kama mlivyonishauri.