Seva niliyoandika mwenyewe inakata neno la mwisho la ukurasa

KijanaWaKirumba:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kirumba, Mwanza. Najifunza kuandika seva ya wavuti kuanzia sifuri kwa Python, soketi tupu (muunganisho wa mtandao wenyewe, bila maktaba). Ukurasa wa majaribio ni bei za samaki anazoniletea mama mdogo akitoka soko la Mwaloni. Ziko safu nane: sangara mkubwa, sangara mdogo, sato, dagaa, furu, ningu, kambale na gogogo, kila moja na emoji ya samaki mbele. Simu yake inaingia kwenye hotspoti yangu, anaandika anwani ya laptopu na :8080, ukurasa unafunguka.

Shida iko mwishoni. Faili linaishia hivi:

`<p>Bei ya Mwaloni hubadilika kila siku.</p></body></html>`

Kwenye simu inasomeka "Bei ya Mwaloni hubadilika kila", basi. Kwenye laptopu vilevile. Faili nimelikagua, ni zima. Heda, ule mstari unaotangulia ukurasa kuieleza brauza urefu wake, naiandika hivi:

`"Content-Length: " + str(len(ukurasa))`

Siku ya tatu hii nahangaika. Naombeni msaada.

Mzee_wa_Igoma:
Flask, ile maktaba ya Python ya kutengenezea tovuti, inamaliza hayo kwa mistari mitano, mkuu. Ya nini kujitesa?

KijanaWaKirumba:
Shikamoo mzee. Flask naijua, na kazi ya mteja nitaifanya kwa hiyo hiyo. Ila nimechoka kutumia kitu nisichojua ndani kinafanya nini. Nilipochapisha ombi la simu ya mama mdogo kwenye skrini nikaona `GET / HTTP/1.1` na heda zake zote, nilifurahi kuliko siku niliyomaliza kozi.

DadaNyegezi:
Mdogo wangu, tatizo ni hiyo `len(ukurasa)`. Inahesabu herufi, na Content-Length inataka baiti. Kwenye UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, herufi kama a au k ni baiti moja, lakini emoji ya samaki ni baiti 4, na Python inaihesabu kuwa 1. Kila samaki anakupunja baiti 3. Samaki 8, baiti 24.

Sasa hesabu kutoka mwisho wa faili lako. `</p>` ni 4, `</body>` 7, `</html>` 7: jumla 18. Zinabaki 6, nazo ni nafasi, s, i, k, u na nukta. Brauza ilisoma idadi uliyoiahidi, ikaishia hapo. Haina kosa.

Geuza maandishi kuwa baiti kwanza, ndipo upime:

`data = ukurasa.encode("utf-8")`

Kisha `len(data)`, na utume `data` hiyo hiyo.

Ukitaka kuhakikisha, futa kabisa Content-Length, weka `Connection: close`, na ufunge soketi ukishatuma. "Siku" itarudi. Ndivyo HTTP (lugha ya brauza na seva) ya mwanzo ya Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pale maabara ya CERN, 1991, ilivyokuwa: ombi mstari mmoja, jibu HTML bila heda, na muunganisho kufungwa ndiyo ishara ya mwisho. Heda ziliingia kwenye HTTP/1.0, iliyochapishwa 1996.

KijanaWaKirumba:
Dada, nimetoa emoji ya sato peke yake kabla ya kurekebisha chochote. Ukurasa ukaishia "kila si". Herufi tatu zimerudi (nafasi, s na i), kama hesabu yako inavyosema! Nikaweka encode, nikamrudisha sato, na sentensi imetimia hadi nukta. Asante sana, nimeelewa kabisa.

Fundi_Ukerewe:
Angalia na `recv(1024)`, amri ya kupokea ombi, kama unaiita mara moja tu. TCP, itifaki inayobeba data, haikuahidi kuleta ombi zima kwa mkupuo, linaweza kuja vipande. Endelea kusoma na kuunganisha mpaka uione `\r\n\r\n`, hapo ndipo heda zimekwisha. Na ukiizima seva na kuiwasha ikagoma kuwa porti inatumika, weka `SO_REUSEADDR` (ruhusa ya kuitumia tena porti ile ile) kabla ya `bind`, amri ya kushika porti.

KijanaWaKirumba:
Naiita mara moja tu, kaka. Naanza na hiyo usiku huu.