Ua jeupe kwenye tope la Luchelele: ni Eclipta au Alternanthera?

Mwanatope: Wakuu, habari za jioni. Kwenye tope la ufukweni Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, pale matete yanapoishia, kuna mmea mdogo unaotambaa. Majani yamekaa mawilimawili yakitazamana, maua meupe, madogo kuliko kifungo cha shati. Programu ya simu imetaja Eclipta prostrata, picha ya pili ikasema Alternanthera sessilis. Nitaitofautishaje nikiwa palepale?

Jaruba_Kubwa: Mkuu, hiyo miwili huchanganywa sana kwa sababu huota tope moja, hata kwenye majaruba ya mpunga. Achana na rangi, tazama kikonyo cha ua. Eclipta huinua ua lake juu ya kikonyo chembamba, mara nyingi sentimita 1 hadi 4. Alternanthera haina: kishada kimeganda kwenye kwapa la jani, yaani pale jani linapoungana na shina. Kisha papasa jani. La Eclipta lina vinywele vigumu na hukwaruza kidole, la mwenzake ni laini.

Ukitaka uhakika, ponda shina bichi, sugua kwenye karatasi nyeupe, subiri dakika chache. Maji ya Eclipta hugeuka meusi. Shina lililokauka halitakuonyesha kitu.

Lenzi10: Naongezea mbegu. Petali zikipukutika, kichwa cha Eclipta hubaki kama kializeti cha kijani, na vitunda vyake vina vijichunjua, havina manyoya ya kupeperukia. Ua la Alternanthera ni kavu kama karatasi na hubaki jeupe. Halafu picha ya kutoka juu peke yake ndiyo inayoidanganya programu. Piga ya ubavuni, kwapa la jani lionekane, na uweke karatasi nyeusi nyuma, la sivyo simu italenga tope na weupe wote utaungua, ua lionekane doa jeupe tu.

Mwanatope: Kikonyo kipo, sentimita 2, na karatasi imekuwa nyeusi tii. Nikaushe vipi sampuli?

Jaruba_Kubwa: Basi ni Eclipta. Osha tope lote mizizini, tandaza kati ya magazeti, jani moja uligeuze mgongo uonekane. Badili magazeti kila siku mpaka yatoke makavu, unyevu ukibaki ukungu unaingia. Mmea wenyewe unaweza kuwa mweusi ukikauka. Usiutupe ukidhani umeoza, ndiyo tabia yake.

Na tafadhali sana, vaa mabuti ya mpira, uoshee nyumbani kwa maji ya bomba. Konokono wa kichocho wanakaa humohumo kwenye majani ya ufukweni.