Piki za HPLC: kwa nini kwenye gradienti hazinenepi?

kijana_wa_losheni: Wakuu shikamooni. Napima kwa HPLC (mashine inayotenganisha kemikali kwa kuzisukuma na kiyeyushi ndani ya kolamu, kila moja inatoka kama piki, yaani mnuko kwenye grafu) parabeni nne, vihifadhi, kwenye losheni (methili, ethili, propili, butili), kolamu C18 (aina ya kawaida) ya milimita 150 kwa 4.6, chembe mikroni 5, floo mililita 1 kwa dakika. Nikiendesha isokratiki (mchanganyiko wa kiyeyushi haubadiliki), methili inatoka dakika ya 3 imesimama kama sindano, upana dakika 0.12, ila butili mpaka dakika ya 16.5 na ina kitambi hasa, 0.66. Nikaweka gradienti, yaani methanoli inapanda taratibu kutoka 10 mpaka 90% kwa dakika 20, zote nne zikawa 0.16 hivi. Sasa nikapiga hesabu ya pleti (kipimo cha ubora wa kolamu kutenganisha) kwa ile fomula, 16 mara skweya ya (muda gawa kwa upana): isokratiki napata 10,000, gradienti methili (dakika ya 8) 40,000 na butili (dakika ya 14.4) 129,600! Kolamu ni ileile jamani, hizo pleti zimetoka wapi?? Msimamizi kasema niandike tu hivyohivyo ila roho haitulii

fundi_pampu: Marahaba. Gradienti inabana piki. Mkia unakuta methanoli nyingi kuliko kichwa kwa hiyo unakimbia zaidi unakisukumia kichwa, ndo inakuwa nyembamba

mama_C18: @fundi_pampu upo sahihi lakini hiyo ni chumvi tu, ugali ni mwingine. Mdogo wangu, acha dakika kwanza, fikiria milimita. Kwenye kolamu yako ya pleti 10,000 kila bendi (kundi la kemikali moja linalosafiri ndani ya kolamu) ikifika mwisho ina urefu wa kama milimita 6, iwe methili iwe butili. Kinachotofautiana ni spidi ya kutoka. Lori lilelile likiwa tambarare linakupita fasta, likiwa linapanda Kitonga unasimama pembeni mpaka unachoka, na urefu wake haujabadilika hata kidogo. Isokratiki methili inatembea milimita 50 kwa dakika, butili 9 tu, gawanya 6 kwa hizo uone kama hupati 0.12 na 0.66 zako. Kwenye gradienti kila moja inasubiri methanoli itoshe ndo inaondoka, kwa hiyo zote zinavuka ditekta na spidi inayokaribiana, kama 37, unapata 0.16.

Hiyo 129,600 futa. Ile fomula inataka nguvu ya kiyeyushi isibadilike toka mwanzo mpaka mwisho, wakati butili yako muda mwingi ilikuwa imekaa tu mlangoni mwa kolamu haiendi popote, afu wewe unaihesabia kama safari. Kwa gradienti hesabu piki ngapi zinaenea: 20 gawa kwa 0.16 ongeza 1, kama 126.

kijana_wa_losheni: Aaah kumbe! Kwa hiyo nikifanya dakika 40 zitaenea 250?

mama_C18: Hapana, ukiilegeza gradienti zinatoka taratibu zaidi, upana utafika kama 0.26, kwa hiyo utapata 155 hivi. Umelipa muda mara mbili kwa faida ya robo, na kwa parabeni nne tu sioni sababu, mimi ningepunguza hata hizo 20

fundi_pampu: Chumvi nayo inahesabika lakini 😂

kijana_wa_losheni: Asanteni sana, nawahi kuifuta kabla ripoti haijaprintiwa