LLDP na 802.1X hazivuki briji ya Linux, nirekebishe wapi?

Nyaya_Mbili: Wakuu, naomba msaada. Briji br0 (swichi ya kiprogramu ndani ya Linux) ina poti mbili: eth1 inayokwenda kwenye swichi, na tap0 ya mashine pepe. ARP, DHCP na ping vinapita bila shida. LLDP (vifaa kujitambulisha kwa jirani) na EAPOL za 802.1X (kuthibitisha kifaa kabla ya kukiruhusu mtandaoni) tcpdump, programu ya kuchungulia trafiki, inaziona zikiingia eth1, ila tap0 hazitokei. Nimezima multicast_snooping (briji kuchunguza poti zipi zinataka trafiki ya vikundi), hali ni ileile.

FunguaPoti: Briji haijaharibika mkuu. Anwani za 01:80:C2:00:00:00 hadi 01:80:C2:00:00:0F zimetengwa na IEEE. Fremu (kifurushi cha Ethernet) iliyoandikiwa anwani hizo inaishia kwenye briji ya kwanza inayokutana nayo. Snooping iwashe tu, inashughulika na vikundi vya IP, hizi haizigusi.

Kinachoamua ni group_fwd_mask, maski ya biti inayosema anwani zipi kati ya hizo zivuke, ambayo bila kuguswa huwa 0. Tarakimu ya mwisho ya anwani (kwa heksadesimali) ndiyo namba ya biti. EAPOL inatumia 03, kwa hiyo 0x8. LLDP inatumia 0E, yaani biti ya 14: 0x4000. Zijumlishe:

`ip link set br0 type bridge group_fwd_mask 0x4008`

Halafu chungulia:

`tcpdump -eni tap0 'ether proto 0x88cc or ether proto 0x888e'`

LLDP kwa kawaida hutoka kila sekunde 30, usikate tamaa mapema.

Nyaya_Mbili: Zimepita, asante sana. LACP (ya kuunganisha nyaya kadhaa ziwe kiungo kimoja) je? Nikiweka 0x400c inakataa, "Invalid argument".

Mzee_wa_Swichi: Biti 0, 1 na 2 (STP ya kuzuia mizunguko, PAUSE ya kusimamisha utumaji kwa muda, LACP) zimefungwa kwa briji nzima. Kuanzia kerneli 4.15 kila poti ina maski yake:

`ip link set eth1 type bridge_slave group_fwd_mask 0x4`

Rudia kwa tap0. Maski husomwa fremu inapoingia, kwa hiyo ukiweka poti moja tu, LACP itakwenda bila kurudi. PAUSE haifunguki hata hapo.

Angalizo: fremu ikisharuhusiwa humwagwa poti zote. LACP ni mazungumzo ya pande mbili, basi kila waya upewe briji yake yenye poti mbili tu. Na waya wa eth1 ukichomoka, tap0 bado itaonekana iko hewani. Mashine pepe itaendelea kutuma hadi LACP ikate, sekunde 90. Weka lacp_rate fast pande zote mbili, inashuka hadi 3.

FunguaPoti: Niongezee: kwa systemd-networkd, andika GroupForwardMask=16392 chini ya [Bridge] kwenye faili la .netdev (ndiyo 0x4008 kwa desimali). Maski ya tap0 hupotea kila tap inapoundwa upya, iweke kwenye skripti inayowasha mashine pepe.