Naombeni ushauri: mfumo ukizima usiku naitwa mimi, overtime hawanipi

Mlinzi wa Seva (mtoa mada)
Wakuu kwema? Niko kampuni moja ya mifumo ya malipo hapa Dar, kitengo cha IT, mwaka wa pili sasa, mshahara wa mwezi. Mkataba unasema Jumatatu mpaka Ijumaa saa 2 hadi 11 jioni na Jumamosi nusu siku, ila mfumo ukidondoka usiku simu inaita kwangu. Jumanne iliyopita nimeamshwa saa 8 usiku, umeme hamna, nikakaa sakafuni koridoni maana ndo kuna netiweki, laptopu juu ya ndoo, bando la simu ya wife, mpaka saa 11 alfajiri, na saa 2 nikawa ofisini. Nimeomba overtime HR kanijibu wa mshahara hana overtime, hiyo ni ya vibarua. Ni kweli? Nina haraka kidogo wakuu.

Ngoja Waje
Ngoja waje wajuzi, nimekaa paleee na karanga zangu.

Mama Tandika
Mwanangu shukuru una kazi, wenzio wanazunguka na bahasha mpaka soli zimeisha. Kuamshwa usiku mara moja moja ndo nini.

Mzee wa Mkataba
Mtoa mada usidanganywe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haiangalii unalipwa kwa mwezi au kwa siku. Kikomo saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo mpaka mkubaliane, na hizo za ziada zisizidi saa 50 ndani ya wiki nne, malipo mara moja na nusu ya msingi. Tena saa 2 usiku mpaka 12 asubuhi kuna asilimia 5 ya kazi ya usiku. Msingi wako shilingi ngapi, na kwenye mkataba cheo chako nani? Hilo la cheo usiliruke.

Mlinzi wa Seva
Msingi 1.3M. Hiyo asilimia 5 nimeipenda 😂

Mzee wa Mkataba
1.3M gawa kwa saa 195 za mwezi, zidisha moja na nusu, unapata kama elfu 10 kwa saa. CHEO?

Ticha wa Zamu
Afadhali nyie. Mimi juzi nimesahihisha madaftari ya mikondo mitatu kwa tochi ya simu, asubuhi mkuu wa shule ananiuliza andalio la somo liko wapi. Overtime yangu vumbi la chaki.

Mlinzi wa Seva
Haya bana. Mwezi wa kwanza walinipandisha, Meneja wa Mifumo, laki mbili juu, nikasaini. Ila ni jina tu, chini yangu yupo dogo mmoja wa fildi, hata ruhusa simpi mimi. Naripoti kwa mkurugenzi. Na msiniambie nilikosea, kodi ilikuwa imeisha na sisi mabachela hatuna wa kumlilia.

Mzee wa Mkataba
Ndo ulichokuwa unaficha. Kifungu cha 17 kinamtoa kwenye hayo masaa mtu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri NA anayeripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa menejimenti. Hilo la pili limekukamata. La kwanza pigania, sheria inasema anayesimamia, haisemi anayeitwa meneja. Kusanya logi, meseji, saa ulizoingia kwenye mfumo. CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, madai yasiyo ya kufukuzwa ni ndani ya siku 60, usilale. Haraka ya nini lakini?

Mlinzi wa Seva
Tangu Ijumaa nazima simu nikilala. Jumapili mfumo ukalala saa 4 usiku mpaka asubuhi. Nimepewa barua ya kujieleza, mwisho kesho. Na sijutii, siwezi kuwa mlinzi wa usiku kwa mshahara wa mchana. Nimeshaandika na ya kuacha kazi, iko kwenye drafti.

Mzee wa Mkataba
USIITUME hiyo. Jibu barua ya kujieleza kwanza.

Kidagaa Mkavu
Wakuu chai hii, leteni chapati. Juu kule bando la wife, huku chini bachela. Huyu mwanafunzi wa sheria anafanyiwa asaimenti, au HR anatupima.

Ngoja Waje
😂😂😂 karanga zimeisha naagiza mihogo

Mlinzi wa Seva
Wife ni mchumba jamani, tunaishi tu pamoja, bado sijaenda kwao.

Mama Tandika
Enhe! Kumbe unakaa na mtoto wa watu hujatoa hata barua ya posa, halafu unadai haki zako kazini. Yeye bando lake unamlipa overtime?

Ticha wa Zamu
Mama apewe uzi wake 😂

Mzee wa Mkataba
Watu wazima, jamaa ana mpaka kesho. Mtoa mada njoo PM na hiyo barua, ufute jina la kampuni.

Kidagaa Mkavu
Mimi bado naona chai. Ila kama ni kweli na ukaacha, nishtue mkuu, nina diploma ya IT na usiku silali.