Mrejesho: Uchovu usioisha na kukoroma

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kwa nini naamka nimechoka na kusinzia kwenye usukani, hasa abiria wakipungua nikielekea Buhongwa, ilhali vipimo vya malaria havionyeshi kitu. Mlioniambia nimwulize mke wangu nalalaje, asanteni sana.

Alinirekodi kwa simu. Nakoroma, kisha kimya. Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti, halafu nashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka ziwani. Kusikiliza kuliniogopesha.

Daktari aliitazama video ile mara mbili, akanipima shingo (imezidi sentimita 40), presha, wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo. Nikalala na kifaa kidoleni na mpira puani. Jibu: pumzi hukatika zaidi ya mara 30 kwa saa, kiwango kikali.

Gari nimemwachia mdogo wangu. Siwezi kubeba roho za watu hivi. Nalala ubavu, bia nimeacha. Nahitaji mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Anayeitumia hapa Mwanza, umeme ukikatika usiku unafanyaje?